STIMA INAPOPOTEA: TULINDE AFYA ZETU GIZANI

(Muziki wa kipindi, kisha upunguzwe)

Popote ulipo, iwe ni jikoni ukiandaa chakula cha jioni, dukani ukihudumia wateja au ndani ya matatu ukielekea nyumbani, tega sikio tuzungumze.

Huenda hata sasa unanisikiliza kwa redio ya betri kwa sababu stima imepotea. Kama ndivyo, basi mada ya leo ni yako. Na kama taa zinawaka, mada hii ni yako zaidi, kwa sababu bado una nafasi ya kujiandaa.

Stima inapopotea, swali ambalo sisi sote huuliza ni moja: itarudi saa ngapi? Leo nataka tuulize swali lingine. Kabla haijarudi, ni mambo gani tutakayofanya ambayo yanaweza kutudhuru? Giza peke yake ni nadra kumuua mtu. Kinachoua ni jiko tunaloliingiza chumbani, koroboi inayoanguka, chakula kilichoharibika, maji machafu na dawa iliyokosa mahali pa kuhifadhiwa. Karibu yote haya yanaweza kuzuiwa, mradi tujifunze na kujitayarisha mapema.

KISA CHA JIKO NA CHUMBA KILICHOFUNGWA

Nikusimulie kisa kilichotokea karibu na kwetu. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi, na stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wawili, alipika ugali nje kwa jiko la makaa. Walipomaliza kula, makaa yalikuwa bado mekundu. Mama akaona haifai moto upotee bure huku watoto wanatetemeka. Akaliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha, na akaziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa gunia ili baridi isiingie.

Usiku wa manane mtoto mkubwa aliamka akilia kwamba kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Mama alipojaribu kusimama, miguu ikakataa. Akadhani ni malaria. Akadhani pia ni mboga waliyokula. Bahati nzuri ni kwamba alijikokota hadi mlangoni ili amtoe mtoto nje akatapike huko, na alipofungua mlango, hewa safi ikaingia. Kulipokucha wote watatu walikuwa hai. Muuguzi aliyewapokea kwenye zahanati aliwauliza swali moja tu: "Mlilala na jiko ndani?"

Tutarudi kwa jiko hilo baada ya muda mfupi. Kwanza tuelewe ni kwa nini stima hupotea, na kwa nini wakati mwingine hupotea nchi nzima kwa mara moja.

KWA NINI NCHI NZIMA HUINGIA GIZANI?

Msikilizaji, umeme tunaoutumia hapa Kenya hutoka sehemu nyingi. Kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na kadhalika. Umeme huo wote hukutana kwenye mtandao mmoja wa nyaya. Ni muhimu kujua kwamba umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa, kila sekunde.

Fikiria wanaume sita waliobeba machela yenye mgonjwa, wakipanda mlima. Mmoja akiteleza ghafla, uzito wake huwaangukia wale watano. Ikiwa watano hao tayari wamechoka, wa pili ataachia, kisha wa tatu, na machela itawekwa chini. Mitambo ya umeme hufanya vivyo hivyo. Mtambo mmoja mkubwa ukizima ghafla, mingine huelemewa, nayo hujizima yenyewe ili isiungue.

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, na nchi yote ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Tarehe 11 Januari 2022, nguzo za laini kubwa inayotoka Kiambere hadi Embakasi zilianguka, na giza likatanda tena. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipoteza umeme kwa muda mrefu zaidi, na sehemu nyingi zilipambazuka bila stima. Usiku huo hata kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani, kwa sababu jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka.

Kwa hivyo usidhani kwamba kupotea kwa stima ni shida ya kijiji chako au mtaa wako pekee. Ni jambo ambalo limetokea na litatokea tena. Na stima inaporudishwa baada ya nchi nzima kukosa, hurudishwa pole pole, eneo baada ya eneo, kwa sababu mafundi lazima wasawazishe mzigo. Ndiyo maana inaweza kurudi, ikapotea, kisha ikarudi tena.

DARASA LA UNGUJA

Ndugu zetu wa Zanzibar wamesoma somo hili kwa shida. Kisiwa cha Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kupitia waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, ambao hufika nchi kavu huko Fumba. Mwezi wa Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kikakaa takriban wiki nne bila umeme. Kabla watu hawajasahau, iliharibika tena mwezi wa Desemba 2009. Mara hiyo giza lilidumu takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Jambo la kwanza lililowasumbua wengi si taa. Ni maji. Maji ya Unguja kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka ardhini kwa pampu, na pampu hutaka umeme. Mifereji ikakauka, na akina mama wakarudi kwenye visima na kubeba ndoo vichwani.

Jambo la pili lilijulikana baadaye. Watafiti waliochunguza rekodi za uzazi baada ya giza la mwaka 2008 waliona kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati huo walizaliwa wakiwa na uzani mdogo kuliko kawaida. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mafundi, wafanyabiashara wadogo na wengine wanaotegemea umeme walipoteza kazi na mapato, na chakula mezani kikapungua. Ona basi, msikilizaji, jinsi waya mmoja uliokatika unavyoweza kumfikia mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Somo la Unguja ni hili: giza la saa moja ni usumbufu, lakini giza la siku nyingi huwa ni jambo la afya ya jamii nzima. Sasa tuangalie hatari moja baada ya nyingine.

HATARI YA KWANZA: HEWA YENYE SUMU

Turudi kwa jiko la jirani yetu. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Makaa yaliyo mekundu bila moshi ndiyo yanayotudanganya, kwa sababu tunaamini kwamba moshi ukiisha, sumu nayo imeisha. Sivyo.

Damu yetu hubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwa ubongo, moyo na mwili wote. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hivyo huchukua nafasi ya oksijeni, na mwili hukosa hewa hata kama mtu anaendelea kupumua.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Wengi hufikiri ni malaria. Basi jiulize: je, watu kadhaa katika nyumba moja wameumwa na kichwa kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Kama jibu ni ndiyo, usingoje. Toeni kila mtu nje haraka, fungueni milango na madirisha, na muende hospitali hata kama mmeanza kujisikia vizuri. Mama mjamzito aende bila kuchelewa, kwa maana mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi.

Jenereta nayo hutoa gesi hiyo hiyo, tena kwa wingi. Usiiwashe ndani ya nyumba, kwenye veranda, kwenye ngazi za ploti au nyuma ya pazia la duka. Iweke nje, angalau mita sita kutoka kwa nyumba, na bomba lake la moshi lielekee mbali na milango na madirisha. Kufungua dirisha moja hakutoshi.

Kanuni ni rahisi kukumbuka: jiko la makaa halilali ndani. Ukihisi baridi, ongeza blanketi, vaa soksi na kofia, na laleni pamoja.

HATARI YA PILI: MOTO NA MAFUTA YA TAA

Stima inapopotea, mishumaa na koroboi hutoka kabatini. Kila mwaka nyumba huteketea kwa sababu mshumaa uliachwa karibu na pazia au neti, au mtoto alisinzia akisoma. Ukiweza, nunua tochi au taa ndogo ya sola badala yake. Ikiwa ni lazima utumie mshumaa, uweke ndani ya bakuli lenye mchanga au maji kidogo, mbali na nguo, na uuzime kabla ya kulala. Usiongeze mafuta kwenye koroboi au stovu inayowaka.

Mtu akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala majani. Vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta uchafu kwenye kidonda. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali.

Kuna hatari nyingine ambayo huwapata sana watoto wadogo. Mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto mwenye kiu huyanywa akidhani ni maji. Hilo likitokea, usimtapishe mtoto, na usimpe maziwa kwa lengo la kumtapisha. Mafuta yakipanda tena kooni huingia mapafuni kwa urahisi, na hapo ndipo huleta madhara makubwa. Mwahishe hospitali. La bora zaidi ni kuweka mafuta kwenye mtungi wake wenye kifuniko, juu ambapo mtoto hafiki.

HATARI YA TATU: CHAKULA KILICHOLALA

Friji iliyofungwa ni kama kikapu kinachotunza ubaridi. Ukiiacha bila kuifungua, chakula kitabaki salama kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa hutunza ubaridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Kila unapofungua mlango kuangalia kama maziwa yameharibika, unasaidia kuyaharibu.

Baada ya saa hizo nne, nyama, samaki, kuku, maziwa, mayai yaliyopikwa, wali na maharagwe huanza kuwa hatari. Viini vya magonjwa huzaana kwa kasi katika joto la kawaida la chumba. Usitegemee pua yako, kwa sababu chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kiwe na sumu.

Wengi wetu husema, "Nitakichemsha tu sana." Kuchemsha huua viini vingi, lakini si sumu zote ambazo viini hivyo vimekwisha kuacha kwenye chakula. Wali ni mfano mzuri. Wali uliokaa kwenye joto tangu jana mchana unaweza kuleta kutapika hata ukipashwa moto ukatoa mvuke. Kama una shaka, tupa. Najua inauma kutupa nyama uliyoinunua kwa pesa zako, lakini gharama ya kulazwa ni kubwa kuliko ya nusu kilo ya nyama.

Usifikiri kwamba hili ni tatizo la nchi maskini pekee. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapatao milioni 50 huko Marekani na Canada walikosa umeme. Katika jiji la New York, siku zilizofuata, wagonjwa wa kuharisha waliongezeka, na uchunguzi ukaonyesha uhusiano na nyama na vyakula vya baharini walivyokula baada ya umeme kupotea. Watafiti wengine walikadiria kwamba watu wapatao 90 zaidi ya kawaida walikufa katika jiji hilo kwa sababu ya giza hilo.

Mama anayenyonyesha ambaye hukamua maziwa na kuyaacha nyumbani anapokwenda kazini, ajue kwamba maziwa hayo hukaa salama kwa takriban saa nne katika joto la kawaida la chumba. Ukijua stima haina uhakika, kamua kidogo kidogo, na mwagize anayemtunza mtoto atumie yaliyokamuliwa kwanza.

HATARI YA NNE: MAJI

Kama tulivyoona Unguja, pampu zikisimama, maji husimama. Na hata pale ambapo maji bado yanatiririka kidogo, nguvu ya maji ndani ya bomba hupungua. Bomba likiwa na ufa na limepita kwenye mtaro, maji machafu yanaweza kufyonzwa ndani. Ndiyo sababu maji ya kwanza yanayotoka baada ya mfereji kukauka huwa na rangi au harufu. Yatumie kuosha sakafu, usiyanywe.

Weka akiba ya maji siku zote. Tumia jerikeni yenye shingo nyembamba na kifuniko, si ndoo iliyo wazi ambayo kila mtu anachovya kikombe. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kunawa mikono kwa sabuni kusisimame kwa sababu maji ni machache. Tengeneza kibuyu chirizi: kipande cha jerikeni, kamba na kijiti vinatosha. Kipindupindu hakijali kama stima ipo au haipo.

(Muziki mfupi)

HATARI YA TANO: DAWA NA CHANJO

Msikilizaji, kuna wenzetu ambao friji kwao si ya soda. Ni ya uhai. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini hushtuka sana stima inapopotea, na wengine huacha kujidunga wakidhani dawa imeharibika. Tafadhali usiache.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Lakini chupa uliyokwisha kuifungua huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi isipigwe na jua wala joto kali. Tena kuna habari njema kutoka hapa hapa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva uliangalia hali ya joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, ambapo joto la nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika joto la namna hiyo kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na ile iliyokaa kwenye friji.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua chungu kikubwa na kingine kidogo. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, na uumwagie maji asubuhi na jioni. Tia insulini ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, uweke kwenye chungu cha ndani, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, na ukae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama vile mtungi wa nyanya unavyopoza maji ya kunywa. Usiiweke insulini moja kwa moja juu ya barafu, kwa sababu ikiganda imekwisha. Aina iliyo angavu kama maji ikiwa na ukungu, au yoyote ikifanya mabonge, usiitumie. Pima sukari mara nyingi zaidi siku hizo, na uzungumze na daktari wako.

Chanjo nazo zina masharti yake. Nyingi huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Chanjo ya polio ya matone huharibiwa haraka na joto, ilhali ile ya pentavalenti huharibiwa ikiganda. Chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo: mraba ndani ya duara. Chanjo ikiwa nzuri, mraba huwa na rangi hafifu kuliko duara. Kadiri chupa inavyopata joto, mraba huwa mweusi zaidi, na ukifanana na duara au kulizidi, muuguzi huitupa. Kwa hivyo ukifika kliniki ukaambiwa chanjo hazipo kwa sababu ya stima, usikasirike ukakaa nyumbani. Muuguzi anamlinda mtoto wako. Uliza tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kijitabu, na urudi.

Kwa wale walio na mgonjwa nyumbani anayetumia mashine ya oksijeni, kumbuka kwamba mashine ile huzimika na stima, lakini mtungi wa oksijeni hauzimiki. Uliza hospitali mapema: stima ikipotea usiku, nifanye nini, nimpigie nani? Usiulize swali hilo mara ya kwanza wakati mgonjwa anahema.

Nawe mama mjamzito, ndani ya mfuko wako wa kujifungulia weka tochi na betri mpya. Uliza pia kama kituo utakachojifungulia kina jenereta au sola, na kama inafanya kazi.

HATARI YA SITA: NYAYA, NA STIMA INAPORUDI

Waya uliolala chini usiusogelee, hata kama mtaa wote hauna stima. Unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote. Kaa mbali mita 10 au zaidi, wazuie watoto na mifugo, na upige simu kwa kampuni ya umeme. Mtu akiwa ameshikwa na umeme, usimguse kwa mkono. Zima swichi kuu kwanza.

Stima ikipotea, zima pasi, kuka na hita, na uchomoe televisheni na friji kwenye soketi. Pasi iliyosahauliwa juu ya nguo huwaka stima inaporudi saa nane usiku, wakati nyote mmelala. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa ili ujue imerudi. Na usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukuta. Umeme wake unaweza kurudi nyuma hadi kwenye nguzo, ukamuua fundi aliyepanda kukusaidia.

DARASA LA GIZA HUSOMWA MCHANA

Msikilizaji, nimekwambia kwamba usiku ule wa Agosti 2023 jenereta ya uwanja wa ndege ilikataa kuwaka. Jambo hilo lina funzo kwetu sote. Kuwa na jenereta si sawa na kuwa na umeme. Jenereta ya zahanati inapaswa kuwashwa mara kwa mara, ibebe mzigo halisi wa wodi na friji, iwe na mafuta, na iwe na mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenye kuiangalia, pamoja na mwingine wa kumsaidia asipokuwepo. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya zahanati, katika mkutano ujao uliza: iliwashwa lini mara ya mwisho? Usikubali kujibiwa kwamba "iko sawa." Omba iwashwe muione.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Tochi isiyo na betri ni pambo. Leo, kabla hujalala, hakikisha mambo haya:

Tochi au taa ya sola ipo mahali ambapo kila mtu anaweza kuifikia gizani.

Maji safi ya kunywa yapo kwenye chombo chenye kifuniko, ya kutosha siku mbili au tatu.

Simu imejazwa chaji, na nambari za zahanati, jirani mwenye gari na kampuni ya umeme zimeandikwa kwenye karatasi pia, kwa maana simu ikizima huondoka na nambari zote.

Dawa za mgonjwa zinajulikana zilipo, na njia ya kuzipoza imeshatayarishwa.

Mafuta ya taa na viberiti viko mbali na watoto.

Na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa shule, anajua kwamba jiko haliingii chumbani.

Halafu fanya jambo moja zaidi. Baada ya kila mara stima inapopotea, kaeni dakika tano na mjiulize: tulikosa nini? Ni nini kilichotuogopesha? Tutabadilisha nini? Hivyo ndivyo hospitali nzuri hujifunza, na hakuna kinachozuia familia kufanya hivyo. Jirani yetu yule wa jiko alifanya hivyo. Siku hizi stima ikipotea, jioni hupita nyumba kwa nyumba kwenye ploti akiuliza, "Jiko lenu liko nje?" Wengine humcheka. Lakini majiko yote yako nje.

Msikilizaji mpendwa, muda wetu umekwisha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni mdogo: betri, jerikeni, chungu chenye mchanga. Tuuzibe taa zikiwa bado zinawaka. Hadi wakati mwingine, nakutakia afya njema wewe na jamaa yako yote. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi)